Shemeji Aliyekosa Nafasi

Jaffar mimi sikumpenda tangu siku ile alipoteremka kwenye teksi mbele ya nyumba ya Ummukulthum, pale Tottenham, na mabusati yake yamefungwa kamba juu ya gari. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani nasimulia haya kwa moyo mweupe. Mtu anayekuja kukaa siku chache haji na mabusati, wala haji na kabati la vioo lililoviringishiwa mablanketi. Lakini Ummukulthum alisimama mlangoni na ushungi wake wa kijani, anacheka, na kabla sijapata kumfinya akatoa maneno ambayo sisi watu wa Unguja huyatoa bila kuyafikiria, kama mtu anavyopiga chafya.

"Karibu shemeji, karibuni nyote. Hapa ni kwenu."

"Ahsante, shemeji," akajibu Jaffar. "Siku chache tu. Kaunsili ya mji wakitupa flati, tumeondoka."

Nyuma yake walikuwa mkewe na watoto wao wanaokohoa. Wakaingia chumba cha mbele pamoja na mabusati, na mlango ukafungwa.

Ummukulthum nilikuwa jirani yake kwa miaka mingi. Mimi ni mshonaji wa nguo za maharusi, na yeye alifanya kazi jikoni katika hospitali moja ya huko huko kaskazini mwa London. Alizaliwa Mkunazini, mjini Unguja, binti wa karani wa bandarini. Mapinduzi yalipotokea alikuwa msichana wa skuli. Haukupita muda watu wakaingizwa ghorofa ya chini ya nyumba yao, kisha ya juu. Alikuwa akisema kwamba walioingia walikuwa nazo sababu, na nyingine za kweli kabisa, maana huko walikotoka familia nzima ililala chumba kimoja. Kilichomchoma ni kwamba hakuna aliyepiga hodi. Baba yake alikufa na kinyongo hicho hicho. Yeye akaolewa na Seif, wakapitia Mombasa, wakaja London, Seif akaendesha mabasi mpaka moyo wake uliposimama ghafla mchana mmoja akiwa mapumzikoni. Kijana wao alikuwa keshahamia Birmingham. Nyumba waliyopangishwa na kaunsili ikabaki kwa jina la mjane.

Nyumba ile aliitaka kwa jambo moja. Mama yake, Bi Mwanamwema, alikuwa Unguja peke yake, macho yanafifia, majirani ndio wanaomchotea maji. Ummukulthum alikuwa ameomba aletewe mama yake, na watu wa uhamiaji walikuwa wamemwambia wazi kwamba atakuja mtu kuangalia kama bibi huyo ana chumba chake cha kulala. Nyumba ikiwa imesongamana, ombi linakataliwa. Kwa hiyo kile chumba kidogo cha juu alikipaka rangi mwenyewe, rangi ya maziwa, akaweka kitanda kifupi ili mama asipate taabu kupanda. Sote tuliokuwa tukiingia nyumba ile tulikijua. Tulikiita chumba cha Bi Mwanamwema kabla mwenyewe hajakiona.

Jambo la pili alilolitaka ni cheti cha historia. Alikuwa na hamu ya kutoka jikoni akafanye kazi ya ofisini, na alihitaji kufaulu mitihani. Akajiandikisha masomo ya jioni, akanikokota na mimi ili asiwe peke yake. Mwalimu wetu aliitwa Ranjan, Mhindi wa Kisumu, mwembamba, sweta moja majira yote. Darasani alifundisha kwa Kiingereza, lakini tukishika vikombe vya chai wakati wa mapumziko tulizungumza Kiswahili, chake cha Kisumu na chetu cha Unguja, tukichekana.

Muhula ule somo lilikuwa Wajerumani na Wajapani, na kwa nini walitanuka kabla ya Vita vya Pili. Ranjan aliziandika sababu ubaoni. Wajerumani walinyang'anywa ardhi baada ya vita vya kwanza, wakaaibishwa, kisha dunia ikaanguka kiuchumi na mamilioni wakakosa kazi. Wajapani visiwa vyao havina mafuta, chuma kidogo, watu wengi, na hariri yao ikakosa wanunuzi. Wote wawili walikuwa wakiwatazama Waingereza na Wafaransa walioshika nusu ya dunia. Halafu akaandika yale maneno ya Wajerumani kuhusu kutafuta mahali pa kuishi upande wa mashariki, akatugeukia sisi wawili na kututafsiria: nafasi ya kuishi.

Nilicheka. Nikasema kwetu mtu asiye na nafasi ni mwenye shughuli nyingi, labda Wajerumani walikuwa bize. Ummukulthum hakucheka. Tayari alikuwa amelisikia neno lile nyumbani kwake asubuhi ile ile.

Maana Jaffar alikuwa ameanza. Chumba cha mbele kilikuwa kimeshamshinda. Alikuwa akiuza mabusati sokoni, na aliposhusha mzigo mpya aliuweka ukumbini, hata ukitaka kupita unapita ubavu. "Shemeji, sina nafasi," alisema, na uso wa huruma. "Yakipata unyevu yataharibika. Hili la mwisho." Baada ya hapo akataka rafu ya jikoni, kwa kuwa mkewe mjamzito na hawezi kuinama. Kisha akataka banda la uani. Kila mara ilikuwa la mwisho, na kila mara palikuwa na sababu, na nyingi ya sababu hizo huwezi kuzibishia. Watoto kweli walikohoa. Mke kweli alikuwa na mimba.

"Huyu mtu anakupanda kichwani," nilimwambia.

"Ndugu wa Seif," akasema. "Nitamwambiaje? Na mimi mwenyewe nilimwambia hapa ni kwao."

"Kila mtu husema hivyo! Nikikwambia karibu chakula, utachukua sufuria?"

Hasira ile aliipeleka darasani, na masikini Ranjan ndiye aliyeibeba. Wiki iliyofuata alinyanyua mkono kabla mwalimu hajavua koti.

"Mwalimu, hizi ulizoandika si sababu. Hivi ni visingizio. Mwizi akikwambia alikuwa na njaa, utaandika ubaoni njaa?"

"Nitaandika," alisema Ranjan. Walikuwa wamekwishahamia kwenye Kiswahili, na wanafunzi wengine wanatazama tu. "Mimi sitetei, mama. Mimi naeleza. Njaa inaweza kuwa ya kweli na bado yeye ni mwizi. Kazi yetu ni kupima. Haya, pima. Hawa Wajerumani wanaosema hawana nafasi, miaka ya mwisho kabla ya vita viwanda vyao vilikuwa vinakosa wafanyakazi. Sasa watu wamezidi, au watu hawatoshi?"

Ummukulthum akakaa wima.

"Na Wajapani," akaendelea, "walisema wanahitaji mafuta. Kweli, hawakuwa nayo. Lakini yalikuwa yanachomwa wapi? Vitani China. Kadiri walivyopigana ndivyo walivyohitaji mafuta, na kadiri walivyohitaji mafuta ndivyo walivyotaka kupigana zaidi. Haja nyingine mtu anaizaa mwenyewe halafu anakuja kukulilia umlelee."

Mimi nikauliza, basi Mwingereza yeye alikuwa na haki gani ya kukasirika? Huyu si ndiye aliyekula mpaka akashiba, akafunga mlango wa jikoni, kisha akaanza kufundisha wenzake adabu ya meza? Ranjan akacheka mpaka akakohoa, akasema hiyo niiandike kwenye mtihani, ila kwa maneno ya kistaarabu. Lakini Ummukulthum hakuwa nasi tena. Nilimwona anaandika neno moja pembeni ya karatasi, nikachungulia. Aliandika "mabusati".

Tukiwa kwenye basi aliniambia. Jaffar alikuja kwake na bidhaa za kujaza chumba kimoja. Alipopata ukumbi, akanunua za kujaza ukumbi. Alipopata banda, akanunua za kujaza banda. Kama asingepewa kitu, asingekosa nafasi.

Siku hizo hizo nikasikia habari iliyonipandisha damu. Dada mmoja tunayesali naye Stratford aliniambia kwamba kaunsili walikwishampa Jaffar flati huko huko Stratford, na akaikataa. Ilikuwa ghorofa ya juu, na lifti yake ndogo. Mabusati yasingeingia. Nilimwendea Ummukulthum na viatu vya ndani, sikungoja hata kuvaa koti.

Alipomuuliza, Jaffar hakubabaika. Macho makavu. "Ningekuachaje peke yako, shemeji? Mjane katika mtaa huu? Mimi nipo hapa kwa ajili yako pia."

Na kama vile ulimwengu ulitaka kumuunga mkono, wiki ile kioo cha mlango wa uani kikavunjika. Jaffar akapiga kelele za mwizi, majirani wakatoka. Kesho yake akatia kufuli jipya, na ufunguo akauweka mfukoni mwake, kwa usalama wa nyumba. Mimi nilikwenda uani kuangalia. Vipande vyote vya kioo vilikuwa nje, juu ya majani. Ndani hapakuwa na hata chembe. Sasa mwizi gani anayevunja kioo cha kuingilia akiwa yumo ndani? Mkewe alinitazama kutoka dirishani, akainamisha kichwa. Yule mwanamke nilimwonea huruma, lakini si sana.

Jioni hiyo Ranjan alitufundisha Manchuria. Wanajeshi wa Kijapani walilipua wenyewe kipande cha reli yao, wakawasingizia Wachina, kisha wakaiteka nchi nzima kwa kisa cha kuilinda reli. Serikali yao Tokyo haikuwatuma, ila walipofanikiwa ikawapokea. Mimi na Ummukulthum tulitazamana. Ranjan akauliza kuna nini. Tukasema hakuna.

Kilichobaki kilikuwa chumba cha juu. Jaffar alikiomba kwa mara ya kwanza kwa upole. Mtoto anakaribia kuzaliwa, alisema, na bibi hata visa hajapata. Ummukulthum akasema hapana. Alikiomba tena kwa ukali, akasema hapana. Hapo Jaffar akafanya jambo la kijanja kuliko yote. Akaenda kwa wazee.

Sisi watu wa kwetu tuliotawanyika London tulikuwa na jumuiya, na mwenyekiti wake alikuwa Mzee Talib, mtu wa Malindi ya Unguja, kanzu ya pasi, sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Jumapili moja baada ya alasiri akaja na wazee wenzake nyumbani kwa Ummukulthum kusuluhisha. Wakaketi chumba cha mbele, juu ya mabusati ya Jaffar, na Jaffar katikati yao. Ummukulthum aliambiwa atengeneze chai. Ndiyo, katika nyumba yake, katika kesi yake, aliambiwa atengeneze chai. Nilikuwa naye jikoni, nikikaanga kaimati, na ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba tulisikia mtu akimeza mate.

"Mimi sikujiingiza," Jaffar alikuwa akisema. "Alisema mwenyewe, mbele ya mke wangu na ya jirani: hapa ni kwenu. Neno la mtu mzima hilo. Sasa leo si kwetu?"

Na wale wazee, Mungu awasamehe maana mimi bado, wakaguna kukubali. Watu waliokwisha kusema "hapa ni kwenu" maisha yao yote kwa kila aliyepita mlangoni wakajitia hamnazo, wakalipokea neno lile kama hati.

"Hatutaki ugomvi," akasema Mzee Talib. "Tumeumizwa vya kutosha kule, tusiumizane huku. Waingereza wakitusikia watatucheka. Jaffar apewe kile chumba kidogo cha juu, na iwe mwisho."

"Wallahi mwisho," akasema Jaffar. "Sitaomba tena."

"Basi tumemaliza. Amani ni bora. Chai iko wapi?"

Ummukulthum alikuwa ameshika sinia. Nilidhani litamdondoka. Akaliweka juu ya meza taratibu, akajipangusa mikono, akaenda chumba cha mbele bila sinia. Nikamfuata na mwiko wangu mkononi.

"Wazee wangu," alisema, "mmekuja nyumbani kwangu kugawa nyumba yangu, na mimi mmeniweka jikoni. Wacheki nao waliwekwa nje hivi hivi."

Mzee Talib akakunja uso. "Wacheki gani?"

"Waliokuwa na nchi yao. Wakubwa wanne wakakutana Munich, wakamkatia Mjerumani kipande ili wapate amani, na mwenye nchi hakuitwa kikaoni. Mjerumani akaapa la mwisho. Haukufika mwaka akaichukua na iliyobaki, kisha akaingia Poland. Nimesoma. Nimechoka kusoma."

"Bibi, unatulinganisha sisi na—"

"Silinganishi watu, Mzee Talib. Huyu hajaua mtu, na nyinyi si wabaya. Nalinganisha nia. Mwanzoni nilikuwa nikizipima sababu zake moja moja, nikiona hii kweli, hii kweli, nashindwa kumkatalia. Sasa nimeacha kuzipima. Naangalia anasimama wapi anapopewa, na hajasimama popote." Akamgeukia shemeji yake. "Ulisema nilitamka mbele ya mashahidi. Vizuri. Na leo mashahidi wapo, tena wenye ndevu. Hapa si kwenu."

Jaffar akaruka juu, akamwita mwanamke asiye na haya, akasema Seif angefufuka angelia. Mimi nilikuwa na mwiko wa moto na sitaki kusema niliufikiria wapi. Ummukulthum akakamata busati la karibu, lile alilokalia Mzee Talib, akalivuta. Mzee akainuka upesi kuliko nilivyodhani umri wake unaruhusu. Busati likatoka mlangoni, likatupwa kwenye njia ya mbele, na mvua inanyesha. Nikakamata la pili.

Jaffar na familia yake walihamia kwa rafiki yake Ilford siku ile ile, na haukupita mwezi akapata flati, safari hii ya chini. Hiyo ndiyo dhiki aliyokuwa nayo. Siku ile kabla ya kuondoka, Mzee Talib alisimama kizingitini akiifuta kanzu yake, akasema mbele yetu sote: "Nyumba inayomtupa ndugu mvuani, sisi hatutaikanyaga." Nilimwona Ummukulthum akilipokea neno lile kama mtu anayepokea mzigo uliotajwa uzito wake mapema.

Mkaguzi wa uhamiaji alikuja, kijana wa Kiingereza mwenye mafua. Akapanda juu, akaangalia kitanda kifupi, akagusa ukuta, akasema chumba kizuri. Basi. Miezi mingine ikapita, na majira ya baridi Bi Mwanamwema akashuka Heathrow kwenye kiti cha magurudumu, amevaa soksi mbili mbili, anamshika binti yake uso kwa vidole kwa sababu macho hayamtoshi tena.

Kwetu mtu mzima akifika kutoka nyumbani, watu hujaa. Hualikwi, unakwenda. Unataka kusikia nani kafa, nani kaoa, na kumbusu mkono aliyekuja na harufu ya kwenu. Jumapili iliyofuata Ummukulthum alipika pilau sufuria mbili, akafukiza udi, akamvalisha mama yake leso mpya na kumketisha chumba cha mbele, sasa kimekuwa kipana. Mlango wa nje akauacha wazi kidogo kama ilivyo desturi, japokuwa baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nilifika mapema. Ranjan naye alipita na sanduku la peremende, akampa bibi shikamoo ya Kisumu, akaondoka kuwahi treni. Baada yake hakuja mtu.

Tulikaa. Pilau ikapoa. Kila gari lililopunguza mwendo nje bibi aliinua kidevu na kujiweka sawa leso. Nilimchukia Mzee Talib wakati ule kuliko nilivyomchukia Jaffar, na nilipomtazama Ummukulthum nikaona anaogopa, yeye ambaye hakuogopa kikao kizima cha wanaume.

"Watu wa kwetu ni wengi hapa London?" bibi akauliza hatimaye.

"Wengi, Mama."

"Wanajua nimekuja?"

"Wanajua."

Basi akalazimika kumweleza. Alimweleza yote, chumba cha mbele, ukumbi, banda, kufuli, wazee, mvua. Mimi nilitazama chini. Bi Mwanamwema alikuwa mtu wa zamani, wa kumpa mgeni kitanda na yeye akalala mkekani, na nilijua kabisa atasema nini. Atasema, ndugu wa mumeo, mwanangu, na mkewe mjamzito.

"Huyo Talib," akasema bibi, "ndiye Talib wa Malindi, mtoto wa Bi Zuwena? Niliyekuwa nikimlea yeye, mama yake akienda kazini?"

"Ndiye."

"Na ndiye aliyekata shauri chumba kitolewe?"

"Ndiye, Mama."

"Alijua ni chumba changu?"

"Wote walijua."

Bibi akazungusha pete yake kidoleni.

"Kuna aliyeuliza mimi nitalala wapi?"

"Hapana, Mama."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Bi Mwanamwema akaivua ile leso mpya, akaikunja vizuri mapajani.

"Kafunge mlango, mwanangu," alisema. "Hao niliokuwa nikiwangojea siwajui."